Kinachoharakisha Uhariri wa Video: Somo kwa Watoa Habari wa Nachingwea na Ruangwa

Msimu wa korosho unapofunguliwa katika wilaya za kusini, kwa kawaida mwezi Oktoba, habari inayosubiriwa kuliko zote katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa ni bei ya mnada. Chama Kikuu cha Ushirika RUNALI, ambacho jina lake limeundwa kwa silabi za mwanzo za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huuza korosho za wakulima kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na katika misimu ya karibuni minada imeendeshwa kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mkulima aliyepata bei sahihi siku ileile ana uwezo wa kumkatalia mnunuzi wa kangomba anayepita nyumba kwa nyumba na bei ya chini. Asiyeipata hubaki na maneno ya mnunuzi huyo.

Siku hizi taarifa ya namna hiyo husafiri kwa video fupi. Maofisa habari wa halmashauri, waandishi wa redio na vijana wanaoendesha televisheni za mtandaoni hurekodi mnada kwa simu au kamera ndogo, huhariri kwenye kompyuta mpakato na kuisambaza video katika makundi ya WhatsApp. Kazi ya kurekodi huisha mapema. Kinachokwamisha ni meza ya uhariri, ambako picha zilizonaswa asubuhi zinaweza kuzaa video kesho yake, wakati wanunuzi wa kangomba wamekwisha kupita.

Ucheleweshaji huo unapotokea, lawama huelekezwa kwa programu kwamba ni nzito, au kwa kompyuta kwamba ni ya bei nafuu. Dawa inayopendekezwa huwa ni kununua mashine ya gharama kubwa zaidi. Ukweli ni kwamba kasi ya kuhariri video hutokana na kupatana kwa mambo matatu: aina ya faili lililorekodiwa, sehemu za ndani za kompyuta, na mfumo endeshi pamoja na programu inayotumika. Jambo moja likipingana na mengine, hata mashine ya thamani kubwa itasuasua. Yakipatana, kompyuta ya kawaida inaweza kutoa video ya mnada kabla ya jua kutua.

Faili la simu na daftari la ghala

Chanzo cha kwanza cha uzito kimo ndani ya faili lenyewe. Simu na kamera nyingi za leo huhifadhi video kwa kodeki ya H.264, iliyoidhinishwa mwaka 2003, au H.265, iliyofuata mwaka 2013. Kodeki ni kanuni ya kugandamiza picha ili zichukue nafasi ndogo. H.265 hugandamiza zaidi kuliko H.264, na kwa sababu hiyo humtaka msomaji wa faili, yaani kompyuta, afanye hesabu nyingi zaidi ili kuirejesha picha.

Namna ya kugandamiza inaweza kueleweka kwa mfano wa daftari la ghala la korosho. Karani anaweza kuandika jumla ya magunia siku ya Jumatatu, kisha kila siku akaandika yaliyoingia na yaliyotoka tu. Daftari hilo huchukua kurasa chache, lakini anayetaka kujua magunia yaliyokuwapo Alhamisi hana budi kuanza Jumatatu na kujumlisha na kutoa hadi afike siku anayoitaka. Kodeki hizi hufanya vivyo hivyo. Huhifadhi fremu chache zikiwa kamili, na fremu nyingine huandikwa kama tofauti tu kati yake na fremu za jirani.

Kwa mtazamaji anayeangalia video kutoka mwanzo hadi mwisho, utaratibu huo hauna taabu, kwa kuwa hesabu inafuata mkondo mmoja. Mhariri hafanyi hivyo. Yeye huruka kutoka dakika ya tatu hadi ya kumi, hurudi nyuma, hukata katikati ya sentensi na kuweka picha mbili juu ya nyingine. Kila anaporuka, kompyuta hulazimika kutafuta fremu kamili iliyo karibu na kuanza hesabu upya. Ndiyo maana kompyuta inayocheza video bila kusita inaweza kuganda mara tu video hiyohiyo inapoingizwa katika programu ya kuhariri.

Jambo la pili linahusu ukubwa wa picha. Fremu moja ya video ya HD yenye upana wa pikseli 1,920 na kimo cha 1,080 ina pikseli 2,073,600. Fremu ya 4K ina pikseli 8,294,400, yaani mara nne. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kompyuta inayohariri 4K huchakata pikseli zaidi ya milioni 207 kila sekunde, hata kabla mhariri hajaongeza maandishi, rangi au nembo ya halmashauri. Hata hivyo, video nyingi za minada hutazamwa kwenye vioo vidogo vya simu, ambako mtazamaji hapati faida kubwa kutokana na ukubwa huo.

Simu zina tabia nyingine inayowasumbua wahariri. Nyingi hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kulingana na mwanga, bila kumjulisha mpiga picha. Baadhi ya programu za kompyuta hutarajia idadi isiyobadilika. Matokeo yake, katika mahojiano marefu sauti huanza kutengana na midomo ya msemaji. Tatizo hilo huondoka video ikigeuzwa kwanza kuwa na idadi moja ya fremu kabla ya kuhaririwa.

Sehemu nne za kompyuta zinazoamua kasi

Ndani ya kompyuta, kazi ya kuhariri hugawanywa kwa sehemu nne. Ya kwanza ni kichakataji, ambacho hufanya hesabu za jumla. Vichakataji vingi vya kisasa vina pia eneo maalumu lililojengwa kwa kazi ya kugandamiza na kugandamua video pekee. Kampuni ya Intel iliingiza eneo la aina hiyo, kwa jina la Quick Sync, katika vichakataji vyake vya mwaka 2011, na vizazi vilivyofuata viliongezewa uwezo wa kusoma H.265. Kompyuta yenye eneo hilo huweza kuipita kompyuta ya bei kubwa isiyo nalo, kama kazi yenyewe ni kukata video za simu.

Sehemu ya pili ni kadi ya michoro. Hii hubeba mzigo wa rangi, mabadiliko ya picha, maandishi yanayotembea na athari nyingine. Programu kama DaVinci Resolve huitegemea sana, kiasi kwamba kompyuta isiyo na kadi ya michoro yenye kumbukumbu ya kutosha huiendesha kwa shida. Kwa video ya mnada yenye mikato michache na kichwa cha habari, mchango wa kadi hiyo ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani.

Sehemu ya tatu ni kumbukumbu ya RAM, ambayo ni mfano wa meza ya kazi. Meza ikiwa ndogo, vitu hurudishwa kabatini na kutolewa tena kila mara. RAM ya gigabaiti 8 ni kiwango cha chini kabisa kwa programu nyingi za kuhariri. Gigabaiti 16 huruhusu kazi ya HD kwenda bila kusita, na kazi ya 4K huhitaji zaidi ya hapo.

Sehemu ya nne ni diski. Diski ya zamani inayozunguka husoma takribani megabaiti 100 kwa sekunde, ilhali diski ya SSD ya kawaida hufikia takribani megabaiti 500, na zile za aina ya NVMe hupita megabaiti elfu kadhaa. Kwa ofisi yenye kompyuta ya miaka kadhaa, kuondoa diski inayozunguka na kuweka SSD, pamoja na kuongeza RAM, ni matengenezo yanayoleta nafuu inayoonekana siku hiyohiyo, kwa sehemu ndogo tu ya bei ya mashine mpya.

Mifumo endeshi na programu zake

Mjadala maarufu miongoni mwa wahariri ni ule wa kulinganisha Windows, macOS na Linux. Kila mfumo una nguvu zake, na ulinganisho wa haki lazima useme ni programu ipi, faili la aina gani na kazi gani iliyopimwa.

Kompyuta za Apple zilibadilika sana mwezi Novemba 2020, kampuni hiyo ilipotangaza kichakataji chake cha M1 na kuanza kuachana na vichakataji vya Intel. Katika mpangilio huo mpya, kichakataji, kitengo cha michoro na eneo la kugandamua video hutumia kumbukumbu moja, hivyo picha hazihamishwi kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Ndiyo sababu kompyuta mpakato ndogo za aina hiyo huhariri video za H.265 kwa wepesi, tena bila kupoteza kasi zinapotumia betri. Upungufu wake ni kwamba kumbukumbu hiyo haiwezi kuongezwa baada ya kununuliwa. Anayenunua kumbukumbu ndogo leo atabaki nayo hadi mwisho wa maisha ya mashine.

Upande wa Windows kuna uchaguzi mpana wa bei na vipuri. Kompyuta ya mezani inaweza kufunguliwa mjini Nachingwea na kuongezwa RAM au SSD na fundi wa kawaida. Kompyuta mpakato nyingi za kundi hili, hata hivyo, hupunguza kasi zikitegemea betri, na hupunguza tena zikipata joto ili zisiungue. Msimu wa korosho huangukia miezi ya joto kali kusini, kwa hiyo kompyuta iliyowekwa juu ya kitambaa katika chumba kisicho na hewa inaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wakati unapohitajika zaidi. Kuiinua kidogo ili hewa ipite chini, kusafisha vumbi kwenye feni na kuiunganisha na umeme wakati wa kazi ni hatua zisizo na gharama.

Wanaonunua kompyuta zilizokwisha kutumika wanapaswa kuzingatia pia umri wa kichakataji. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi vichakataji vya Intel vilivyotangulia kizazi cha nane, isipokuwa vichache. Mashine ya zamani inaweza kuonekana rahisi sokoni, lakini ikaingia ofisini ikiwa imekwisha kukosa masasisho ya usalama.

Linux haina gharama ya leseni na huendesha vizuri hata kompyuta zenye uwezo mdogo. Programu huria za Kdenlive na Shotcut hupatikana bila malipo kwa Linux, Windows na macOS, na zinatosha kabisa kwa habari fupi. Tahadhari ipo kwa DaVinci Resolve. Toleo lake lisilolipiwa hufanya kazi katika mifumo yote mitatu, lakini kwa Linux toleo hilo halisomi video za H.264 na H.265 ambazo ndizo simu hurekodi. Mhariri asiyejua hilo anaweza kudhani faili limeharibika.

Adobe Premiere Pro hupatikana kwa Windows na macOS na hulipiwa kwa kipindi, kila mwezi au kila mwaka, hivyo ni gharama inayojirudia katika bajeti. Final Cut Pro, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1999, kwa upande wa kompyuta hutumika kwenye macOS pekee. Kwa sababu imetengenezwa na kampuni ileile inayotengeneza mashine, hutumia vizuri uwezo wa kompyuta hizo. Haifuati kwamba kila ofisi iihame Windows. Halmashauri ambayo mafundi wake, vipuri vyake na mafaili yake ya miaka mingi vimo katika Windows itapoteza muda mwingi katika kuhama kuliko utakaookolewa na kasi.

Nakala nyepesi: njia ya wenye kompyuta za kawaida

Ipo njia ambayo wahariri wa filamu huitumia na ambayo ofisi za wilaya zinaweza kuitumia bila kununua chochote. Programu nyingi kubwa za kuhariri, zikiwamo Premiere Pro, Resolve, Final Cut Pro, Kdenlive na Shotcut, zina uwezo wa kutengeneza nakala nyepesi za video. Nakala hizo huwa na picha ndogo na mgandamizo ulio rahisi kusomwa. Mhariri hukata na kupanga kwa kutumia nakala, na wakati wa kutoa video ya mwisho programu hurudi yenyewe kwenye mafaili halisi. Ubora wa video haupungui.

Kutengeneza nakala huchukua muda, lakini ni muda ambao hauhitaji mtu kukaa mbele ya kioo. Kompyuta inaweza kuzitengeneza wakati mwandishi anaandika maelezo ya habari au anahakiki takwimu za mnada kwa viongozi wa ushirika.

Hatua nyingine huanza kabla ya kurekodi. Kwa video ya mnada au mkutano wa kijiji, kurekodi kwa HD badala ya 4K hupunguza mzigo kwa robo tatu ya pikseli. Simu nyingi pia huruhusu mtumiaji kuchagua H.264 badala ya H.265, uamuzi unaoongeza ukubwa wa faili lakini unaisaidia kompyuta ya zamani. Kwa mechi za Namungo FC katika Uwanja wa Majaliwa mjini Ruangwa hali ni tofauti kidogo. Mpira na wachezaji huenda mbio, hivyo fremu 50 kwa sekunde huonyesha mwendo vizuri zaidi kuliko 25, na mhariri anapaswa kujua kwamba amejiongezea mzigo maradufu kwa sababu ya msingi.

Kupandisha video mtandaoni

Kasi haiishii kwenye kompyuta. Video ya dakika tatu iliyotolewa kwa megabiti 50 kwa sekunde huwa na ukubwa wa takribani megabaiti 1,125. Video hiyohiyo ikitolewa kwa megabiti 8, kiwango ambacho YouTube hukipendekeza kwa HD ya kawaida, huwa takribani megabaiti 180. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 4 kwa sekunde, faili la kwanza huchukua zaidi ya dakika 37, na la pili huchukua dakika 6. Kwa anayetazama kwenye simu, tofauti ya ubora ni vigumu kuitambua, ilhali tofauti ya muda na ya gharama ya bando ni kubwa.

Hesabu hiyo inaeleza pia kwa nini huduma za kuhariri kupitia mtandao hazipaswi kuwa tegemeo pekee. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika nyaya za mawasiliano zilizopita baharini ilivuruga intaneti nchini Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, ofisi yenye programu na mafaili ndani ya kompyuta yake huendelea kuhariri na kusubiri njia ifunguke. Ofisi iliyoweka kila kitu mtandaoni husimama.

Kununua kulingana na kazi

Historia ya Nachingwea yenyewe ina funzo kuhusu mashine. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa miongoni mwa maeneo yake pamoja na Kongwa na Urambo. Mitambo mizito ililetwa na reli ikajengwa kutoka Mtwara, lakini udongo, mvua na mahitaji halisi ya maeneo hayo havikuwa vimechunguzwa vya kutosha. Mradi ulisitishwa mwaka 1951 baada ya kutumia mamilioni ya pauni. Kilichokosekana kilikuwa kipimo cha kazi kabla ya manunuzi.

Kwa ofisi ya habari ya leo, kipimo hicho ni rahisi. Kabla ya kuandaa maelezo ya kifaa yatakayoingizwa katika mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, ofisi iorodheshe video inazotengeneza kwa mwezi, urefu wake, kamera inayotumika na programu ambayo watumishi wanaimudu. Kwa kazi za HD za halmashauri, mahitaji ya msingi ni kichakataji kinachogandamua H.264 na H.265 kwa eneo lake maalumu, RAM ya gigabaiti 16, SSD ya gigabaiti 512 au zaidi, diski ya nje ya kuhifadhia nakala, na kifaa cha kuhifadhi umeme kwa kompyuta ya mezani. Kadi kubwa ya michoro iongezwe pale tu kazi ya rangi au 4K inapokuwa ya mara kwa mara. Maofisa TEHAMA wa halmashauri wahusishwe mapema, kabla ya zabuni kutangazwa.

Inapowezekana, kompyuta ijaribiwe kwa video za ofisi yenyewe. Jaribio la maana huchukua chini ya saa moja: kuingiza klipu za mnada uliopita, kuzikata, kuweka maandishi, kutoa video ya dakika tatu na kuandika muda uliotumika. Jaribio lirudiwe kompyuta ikitumia betri, na lirudiwe tena baada ya nusu saa ya kazi mfululizo ili joto lionekane. Takwimu za matangazo ya biashara hupatikana katika mazingira mengine na kwa mafaili mengine.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma. Kwa mkulima wa korosho, ufuta au mbaazi, thamani ya haki hiyo hupungua kila saa taarifa ya bei inapochelewa. Ofisi inayorekodi kwa umbizo linalofaa, inayotumia nakala nyepesi, inayotunza kompyuta yake dhidi ya joto na inayotoa faili la ukubwa wa wastani inaweza kumfikishia mkulima huyo bei ya mnada jioni ileile, kwa vifaa ambavyo pengine tayari inavyo.